Mbao Zisizokauka

Kadutu, nyumba hukaa begani mwa nyumba.
Kizingiti changu ni sawa na bati la Mama Cibalonza,
na aliye juu yangu, Ntakwinja mshona nguo,
akichungulia tu anajua
leo tumesonga ugali au tumelala na chai.
Sijawahi kumnunia. Nami nikipanda kuchota maji
naiona kamba yake, mashuka yake, viraka vyake.
Tumeonana. Tuko sare.

Usiku ule baba alikohoa hadi umeme ukakatika,
kikohozi hakikukatika.
Nikajifunika blanketi, mimi na simu
na mega mia moja zilizobaki,
nikaandika kwa kidole chenye haya:
bei ya jeneza Bukavu.

Ukurasa ukataka kwanza jibu langu.
Maandishi marefu, na chini yake kitufe cha kijani
kipana kama mlango wa kanisa: KUBALI VYOTE.
Kulikuwa na kingine, cha kijivu, chembamba,
kama mdeni asiyetaka kuitwa jina.
Nani husoma saa nane za usiku?
Nikakubali vyote.

Jumapili baba alikuwa na nafuu.
Akaazima simu atazame matokeo ya mpira.
Goli la kwanza. Goli la pili, na chini ya goli
jeneza la kahawia, vishikio vya dhahabu,
bei imeshuka wiki hii tu.
Akasogeza. Jingine, jeupe.
Baba aliyeshika randa miaka arobaini
akavaa miwani yake, akainamia kioo.
Mimi nilikuwa nachambua maharagwe,
nikayachambua yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Nabintu," akasema, "hapa wamepiga misumari tupu.
Na mbao hazijakauka. Mvua mbili, zinapinda.
Usininunulie hili."

Nikateremka Nyawera kwa Mugisho,
binamu yangu, fundi simu, meza moja na mwavuli.
Hakucheka. Alipuliza vumbi kwenye kioo, akasema:
Ukiingia butiki, mwenyewe anakutilia kikaratasi mfukoni.
Mfukoni mwako, si mwake.
Ukirudi anakisoma, anakupokea kama ndugu,
hakuulizi tena wewe nani. Hapo hakuna ubaya.
Ila wapo wengine wamesimama humo butikini,
hawauzi sabuni, hawauzi chumvi,
na kila mmoja anakutilia chake.
Kisha wanakutangulia kwenye butiki ya mpira,
ya mapishi, ya habari, wanakungoja mlangoni.
Vitabuni ni vidakuzi. Wenyewe wanaviita biskuti.

"Biskuti," nikasema, "na anayetafunwa ni mimi."

Akanionyesha pa kuvifutia.
Sikujua nina mifuko mingi kiasi kile.
Akanifundisha kukitafuta kile kitufe cha kijivu
hata kikijificha nyuma ya maneno "chaguo zaidi".
Akafungua dirisha la faragha, akaonya:
hili linasahau upande wako tu.
Aliyekuuzia mega bado anajua njia uliyoshika.

Nikapanda ngazi za udongo nikifikiri.
Sichukii kuonwa. Ningechukia, ningehama mlima huu.
Usiku ule wa kikohozi Ntakwinja alisikia pia;
aliteremka na taa na tangawizi iliyopondwa,
miguu peku, hakuuliza kitu.
Wale wengine walisikia, wakaleta bei.

Sasa nabonyeza cha kijivu. Nachelewa kidogo kufika.
Baba bado anakohoa, si sana.
Uani ameegemeza ukutani mbao nne,
anazigeuza jua likihama.
Hasemi za kazi gani.
Sijamuuliza,
wala sijaiuliza simu.